Hesabu Kabla ya Kamera: Kujiajiri kwa Upigaji Video Mjini Emali

Simama kwenye njia panda ya Emali Jumamosi yoyote ya mwezi wa Agosti au Desemba na utaona shughuli tatu au nne kabla ya saa nne asubuhi. Magari yenye riboni yanaelekea Wote. Msafara wa mazishi unakata kona kuingia Mulala. Kanisa fulani linazindua jengo, na ng'ambo ya reli kuna familia iliyojenga hema kwa ajili ya ntheo. Katika kila moja ya shughuli hizo kuna kijana aliyebeba kamera. Somo la toleo hili linahusu swali ambalo kijana huyo mara nyingi hajajiuliza: akirudi nyumbani jioni, amepata pesa au ametumia pesa?

Vijana wengi wanaofika kwetu kuuliza kuhusu kazi hii huanza kwa kuuliza wanunue kamera gani. Ni swali zuri lililokuja mapema mno. Tutalifikia, lakini kwanza tuangalie mji wenyewe, kwa sababu Emali inampa mpiga video nafasi ambayo miji mingi ya ukubwa wake haina.

Mji wetu uko takriban kilomita 125 kutoka Nairobi kwenye barabara kuu ya Mombasa, na hapa ndipo inapochipuka barabara ya kwenda Oloitokitok na Amboseli. Tangu mwaka wa 2017 tuna stesheni ya reli ya kisasa, na treni inayosimama katika stesheni za katikati huchukua abiria hapa. Upande mmoja wa mji unagusa Kaunti ya Kajiado. Maana yake ni kwamba mpiga video anayeishi Emali anaweza kulala nyumbani kwake na bado akafanya kazi Sultan Hamud, Makindu, Kibwezi, Wote na Kimana. Mwenzake wa Nairobi akiitwa huku ataongeza gharama ya gari na pengine ya kulala. Tofauti hiyo ni yako, ukijua kuitumia.

Hesabu yenyewe

Chukua karatasi. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu. Weka zako mahali pake.

Tuseme umenunua kamera na lenzi moja kwa shilingi 130,000, kompyuta ya kuhariri kwa 90,000, na maikrofoni, taa, stendi, betri za ziada, memori kadi na diski za kuhifadhia kwa 50,000. Jumla ni 270,000. Vifaa hivi havidumu milele, hasa kwa vumbi na joto la huku kwetu. Ukivipa miaka mitatu, vinakugharimu 90,000 kila mwaka. Ukipata kazi 45 kwa mwaka, kila kazi inabeba shilingi 2,000 za vifaa hata kabla hujatoka nje ya mlango. Pesa hizi huoni zikitoka, na ndiyo sababu karibu kila mtu huzisahau. Halafu siku kamera inapokufa, hakuna akiba ya kununua nyingine, na biashara inakufa nayo.

Sasa umepata harusi mjini Wote. Utamlipa msaidizi wa kamera ya pili 3,000. Usafiri wa watu wawili na mizigo, 1,500. Sehemu ya diski ya kuhifadhia kazi hiyo, 1,000. Bando la intaneti na stima, 1,000. Chakula na dharura ndogo, 500. Ongeza zile 2,000 za vifaa: gharama ni shilingi 9,000.

Muda nao? Nusu siku ya kukutana na maharusi na kukagua ukumbi, siku moja ya kupiga, siku tatu za kuhariri, na nusu siku ya kurekebisha na kukabidhi. Ni siku tano. Kama ulikubali kulipwa 15,000, umebaki na 6,000, yaani 1,200 kwa siku. Kama ulilipwa 30,000, umebaki na 21,000, yaani 4,200 kwa siku. Kazi ni ile ile na jasho ni lile lile.

Nenda hatua moja zaidi. Tuseme nyumba yako inahitaji shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 300,000. Ukipata harusi 45 za bei ya 15,000, ambazo zitakula siku 225 za mwaka wako, utabaki na 270,000. Kwa hiyo unaweza kuwa na kalenda iliyojaa, ukaitwa kila wikendi, ukajulikana kote kuanzia Sultan Hamud hadi Kibwezi, na bado kodi ya nyumba ikakushinda. Wapo vijana walio katika hali hii leo na wanadhani shida yao ni kukosa wateja. Wanaongeza wateja, na shimo linaongezeka.

Linganisha na kazi ambayo wengi huidharau: klipu ya dakika mbili ya duka la pembejeo, kliniki au mwenye hoteli, ya kuweka Facebook na WhatsApp. Tuseme bei ni 8,000. Nauli 500, bando na stima 500, vifaa 2,000. Umebaki na 5,000 kwa siku moja na nusu ya kazi. Hiyo ni zaidi ya 3,300 kwa siku, karibu mara tatu ya ile harusi ya 15,000, na hukusimama juani tangu alfajiri wala hukugombana na msemaji wa sherehe.

Mteja asiye na pesa za kutosha

Mtu atasema, "Hayo ni ya Nairobi. Hapa kwetu watu hawana 30,000." Ni kweli wengi hawana, na hatuwashauri kuwafukuza. Kinachofaa ni kupunguza kazi pamoja na bei. Mteja mwenye 18,000 apewe kamera moja, muda kuanzia kanisani hadi kukata keki, na filamu moja ya dakika 20 bila klipu za ziada. Msaidizi hayupo, kwa hiyo gharama imeshuka hadi 6,000. Kuhariri kumeshuka hadi siku mbili, kwa hiyo kazi nzima ni siku nne. Umebaki na 12,000, sawa na 3,000 kwa siku. Mteja amepata anachokiweza na wewe hukujiumiza.

Ugumu uko kwenye mazungumzo. Mzee wa kamati atakuambia, "Kijana wangu, sisi ni watu wa nyumbani." Kumjibu mzee kwa hesabu za vifaa ni utovu wa adabu, na kunyamaza ni hasara. Jibu la heshima lipo: "Ni kweli mzee, na ndiyo maana sijaweka gharama ya gari. Kwa hizo 18,000 nitawafanyia hivi na hivi. Mkitaka na kamera ya pili, tutaongeza kidogo." Mzee amepewa nafasi ya kuchagua mbele ya kamati yake, na wewe umebaki na bei yako.

Malipo ya awali ni lazima. Nusu wakati wa kukubaliana, sehemu ya pili siku yenyewe asubuhi, na salio kabla ya kukabidhi filamu iliyokamilika. Harusi ikishaisha, kamati huvunjika na kila mtu hurudi kwake. Deni lililobaki halina mwenyewe. Zipokee pesa kupitia Lipa na M-Pesa iliyo kando na simu yako ya matumizi ya nyumbani. Hiyo taarifa ya malipo ndiyo utakayoonyesha benki au SACCO siku utakapotaka mkopo.

Kazi zinazorudi

Harusi ya mtu mmoja huja mara moja. Biashara yenye faida husimama juu ya wateja wanaorudi, na Emali inao wengi kuliko inavyodhaniwa. Shule zina siku za michezo, za wazazi na za kuhitimu. SACCO na vyama vya ushirika vina mikutano mikuu ya kila mwaka. Makanisa yana mikutano ya injili na kwaya zinazotaka video za nyimbo. Wafanyabiashara wa mifugo, ndengu na maembe wanauza kwa watu wasiowahi kuwaona, na video fupi inayoonyesha mali ilivyo hujibu maswali mengi ya mnunuzi wa mbali. Mwendee mmoja wao na umpe bei ya mwezi, kwa mfano klipu nne kwa 20,000 zinazopigwa kwa siku moja. Wateja watatu wa namna hiyo wanatosha kulipa gharama za nyumba katika miezi ambayo hakuna harusi, na miezi hiyo ipo: kila anayefanya kazi hii huijua Januari.

Matanga nayo yanahitaji neno lake. Familia nyingi za Ukambani zina mtoto Mombasa, mwingine Nairobi na mwingine anayefanya kazi Saudi Arabia au Qatar. Asiyeweza kurudi kuzika anataka aone. Kurusha matangazo mubashara ni huduma inayolipwa vizuri na inayofanywa vibaya, kwa sababu mtandao wa mjini si mtandao wa kijijini. Nenda siku moja kabla, simama pale pale jeneza litakapowekwa, na ujaribu laini za kampuni mbili tofauti. Beba betri kubwa ya kuchajia. Rekodi pia kwenye kadi, ili mtandao ukikatika familia ipate filamu nzima baadaye. Na tafadhali, kaa mbali na nyuso za wafiwa. Lenzi ina uwezo wa kuvuta picha kutoka mbali, na familia itakukumbuka kwa jinsi ulivyosimama.

Sasa vifaa. Ukiwa unaanza, kodi kamera kwa kazi tano za kwanza au tumia simu nzuri, na ununue maikrofoni kabla ya lenzi. Watu huvumilia picha yenye giza kidogo; hotuba ya marehemu babu isiyosikika hawaisamehe. Badilisha lenzi ndani ya gari au ndani ya mfuko, kamwe si uwanjani upepo ukivuma. Hifadhi kila kazi kwenye diski mbili zinazolala nyumba mbili tofauti.

Somo kutoka kwa Mohamed Amin na kutoka River Road

Suala la kuhifadhi kazi linatuleta kwa Mkenya aliyeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 30. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, akakulia Dar es Salaam, na mwaka wa 1963, akiwa na miaka takriban 20, akaanzisha kampuni yake ya Camerapix. Baadaye aliihamishia Nairobi. Dunia inamkumbuka kwa picha za video za njaa ya Ethiopia alizopiga huko Korem mwaka wa 1984, zilizoonyeshwa na BBC mwezi wa Oktoba mwaka huo na kuamsha misaada ya dunia nzima. Mwaka wa 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro.

Ushujaa wake unasimuliwa sana, lakini kwa somo letu tuangalie jinsi alivyofanya biashara. Alibeba kamera ya picha za kawaida pamoja na ya filamu, hivyo safari moja ilizaa bidhaa zaidi ya moja: habari kwa televisheni, picha kwa magazeti, na baadaye vitabu vikubwa vya picha kuhusu nchi za eneo hili. Pia hakutupa kitu. Maktaba ya Camerapix iligeuka kuwa mali, kwa sababu picha ya jana ina mnunuzi wa kesho. Kijana wa Emali anayepiga soko la mifugo, mavuno ya maembe au vilima vya Chyulu baada ya mvua anaweza kufanya vivyo hivyo. Shirika linalotengeneza filamu kuhusu ukame halitapenda kungoja ukame mwingine ikiwa wewe tayari unazo picha, zimepangwa kwa tarehe na mahali.

Mfano wa pili ni wa onyo. Barabara ya River Road, Nairobi, ilizaa tasnia nzima ya filamu za lugha za mama, zikiwemo za Kikamba, iliyopewa jina la Riverwood. Filamu zilipigwa kwa kamera za bei nafuu, kwa siku chache, zikauzwa kwenye diski. Kisha wezi wa nakala wakazidi, simu zikaenea, na diski ikakosa soko. Walioumia zaidi ni wale waliotegemea kuuza nakala. Waliokuwa na ujuzi wa kukodishwa, yaani kupiga, kuhariri na kurekodi sauti, walihamia kazi nyingine na kamera zile zile. Kwa hiyo usijenge biashara yako juu ya matumaini ya matangazo ya YouTube peke yake. Ili kupata mgao kamili wa matangazo, mtandao huo hudai angalau wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 kwa video za kawaida. Fungua chaneli, naam, lakini iwe dirisha la kuonyesha kazi zako.

Mambo ya sheria yanayogusa mfuko

La kwanza ni hakimiliki, na hapa wengi hupigwa na mshangao. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kama unataka kubaki na haki ya kutumia vipande vya kazi hiyo kujitangaza au kuviuza baadaye, mkataba useme hivyo. Ukurasa mmoja unatosha: kazi ni ipi, siku ngapi, nani anamiliki nini, mteja anaruhusiwa marekebisho mangapi, na malipo lini. Hicho kipengele cha marekebisho usikiache. Bila idadi, mteja atarudi kila wiki kutaka wimbo ubadilishwe.

Tukitaja wimbo: muziki wa msanii maarufu uliowekwa bila idhini unaweza kufanya video ya mteja wako iondolewe mtandaoni au inyamazishwe. Ongea na mwanamuziki wa hapa, lipia idhini yake, na iwe kwa maandishi.

La pili ni sura za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa zake binafsi. Mwaka wa 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Anayepiga video shuleni apate idhini hiyo kupitia mwalimu mkuu, kwa maandishi, kabla ya kubonyeza kitufe.

Droni ina mlango wake. Inasajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na anayeirusha kibiashara anahitaji vibali vya mamlaka hiyo kulingana na kanuni za mwaka wa 2020. Mbuga za wanyama zina ruhusa yao tofauti kutoka KWS. Ukikodi droni, mkodi na rubani mwenye leseni pamoja nayo. Na filamu itakayouzwa au kuonyeshwa hadharani huangukia Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani. Uliza leseni kabla ya siku ya kupiga.

Kuhusu ushuru, kampuni au taasisi itakuomba PIN ya KRA na ankara ya eTIMS, kwa kuwa inahitaji ankara hiyo katika hesabu zake za kodi. Jisajili mapema, na uwasilishe ripoti yako ya mwaka kabla ya Juni 30 hata kama mwaka ulikuwa mbaya.

Kufanya kazi na serikali

Serikali ya kaunti, manispaa yetu ya Emali-Sultan Hamud na idara za serikali kuu zote huhitaji video: uzinduzi wa miradi, vikao vya ushirikishwaji wa umma, mafunzo ya afya na kilimo. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO. Cheti chake hakitozwi ada na huombwa mtandaoni. Utahitaji biashara iliyosajiliwa, PIN na cheti cha kutii kodi. Asije mtu akakuuzia.

Lakini tuambiane ukweli, hata kama jarida hili ni la serikali. Malipo ya kaunti nchini hufuata mgao kutoka Hazina ya Taifa, na mgao huo ukichelewa, mwenye kudai naye husubiri. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi. Kwa hiyo usianze kazi yoyote ya serikali bila hati ya agizo la huduma iliyotiwa sahihi; ahadi ya mdomo ya ofisa, hata awe rafiki yako, haiingii kwenye mfumo wa malipo. Weka ankara yako siku ile ile unapokabidhi kazi na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri. Na kabla ya kukubali, rudi kwenye ile karatasi yako: ikiwa gharama za kazi hiyo ni 40,000 na akiba yako ni 30,000, omba ushirikiane na mpiga video mwingine mgawane gharama na malipo, au iache kazi hiyo na ungoje iliyo ndogo.